Pointi za Kumzungusha Dada Duniani

Jumapili, 2 Machi

Naanza kuandika leo kwa sababu mtu anayetaka kuizunguka dunia lazima aweke kumbukumbu. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa ujinga. Mwalimu wa hesabu aliona nitamzidi akaanza kunichukia. Lakini mwandiko wangu ni mzuri. Hata mke wangu anakubali, naye si mtu wa kukubali mambo ovyo.

Habari yenyewe ni hii. Dada yangu mkubwa, mwalimu mstaafu, ana presha ya macho. Daktari amemwambia kwamba uoni wake unaminywa kutoka pembeni, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Dawa ya matone inachelewesha tu. Mwaka huu ataona. Mwaka ujao, Mungu ndiye ajuaye. Dada hakulia. Alirudi nyumbani akavua viatu, akawapigia simu wanawe watatu ambao dunia imewatawanya kila mmoja pembe yake, akawaambia: "Nataka kuziona sura za wajukuu zangu, zote, kabla taa haijazimika. Na msinitumie picha."

Watoto wamechanga, wamepata tiketi moja ya kuizunguka dunia. Hii ni tiketi ya aina yake: unatoka kwako, unakwenda, unakwenda, mpaka unatokea mlango wa nyuma wa nyumba yako mwenyewe. Tatizo ni kwamba daktari amemkataza kusafiri peke yake, na tiketi ya pili haina wa kuinunua. Ndipo kifungua mimba wake akasema kwenye simu kwamba kuna kitu kinaitwa pointi. Ukipanda ndege mara nyingi kampuni inakupa pointi, na pointi zikijaa zinageuka tiketi ya bure. Kinachotakiwa ni mtu mwenye akili achague chama kimoja cha wasafiri, ukoo ujiunge, pointi zikusanywe kabla mvua za masika hazijaisha.

Nani achague? Sebule nzima ya Dada, tulipokuwa tumekutana, iligeuka ikanitazama. Mtaani hawaniiti Rubani bure. Watoto hao wakiwa bado hawajazaliwa, mimi nilishapanda ndege, nikapelekwa mji mwingine kutengeneza makochi ya hoteli. Safari ya saa tatu angani.

"Ilikuwa dakika hamsini," mke wangu alisema.

Kulikuwa na foleni huko juu.

Na atakayemsindikiza Dada ni nani? Sioni haja ya kuandika. Jua likichomoza huhitaji kutangaza kwamba ni jua.

Jumatatu, 3 Machi

Mawingu mazito. Nimemdokeza kinyozi peke yake kuhusu safari yangu. Kufikia saa kumi hata muuza mkaa ananiuliza nitamletea nini.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua imeanza, na imeanza kwa hasira. Nimekwenda kwa wakala wa tiketi, yule mama tunayemwita Madam Tiketi. Ofisi yake ni chumba kidogo kati ya duka la simu na duka la miwani. Kiti cha wateja nilikitengeneza mimi, nacho ndicho kitu imara kuliko vyote mle ndani.

"Kampuni za ndege zimejigawa makundi matatu," alinieleza. "Ukiwa na kadi ya kundi fulani, ukipanda ndege yoyote ya kundi hilo unapata pointi."

"Naelewa. Kama upatu."

"Si kama upatu, Mjomba. Kwenye upatu kila mmoja hupokea zamu yake. Hapa anapokea aliyepanda."

"Na aliyelipa?"

"Aliyelipa anapokea risiti."

Basi akanionyesha kadi tatu. Kadi Nyekundu, ndege zake zinakwenda kila mahali, lakini pointi zikikaa mwaka na nusu bila kutumika zinakufa. Kadi ya Kijani, pointi hazifi hata uzifukie ardhini, lakini ndege zake hazifiki mji anaoishi mtoto wa pili wa Dada. Kadi ya Bluu ina kapu la familia, ndugu wanaweza kuweka pointi pamoja. Nikamwambia asante, nikachukua vitabu vyote vitatu vya matangazo. Mimi sichagui kitu kwa maneno ya muuzaji.

Jumapili, 9 Machi

Nimevisoma, maana yake nimetazama picha. Mimi ni fundi makochi. Mtu anaweza kunidanganya, kiti hakiwezi. Kijani nimeitupa mara moja: mgongo wa kiti umeshonwa uzi mmoja, na sponji imebonyea upande wa kushoto. Kampuni inayobana uzi, itaacha kubana mafuta? Bluu, kitambaa kizuri lakini rangi ya huzuni. Nyekundu sasa! Wana sebule ya abiria wa heshima, na humo kuna makochi ya ngozi halisi, mshono wa mara mbili, vifungo vimezama sawasawa kama vitovu vya watoto. Nimeikodolea macho picha ile mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 12 Machi

Nimejiunga na Nyekundu. Kadi wameituma kwenye simu. Nimeipeleka ikachapwa na kutiwa nailoni. Kinyozi ameishika kwa vidole viwili kama kitu cha hospitali.

Mke wangu: "Baba, umechagua ndege au umechagua makochi?"

Nilimwambia mwanamke asiyewahi kupanda lifti hawezi kuelewa.

"Ni kweli," akasema, akaendelea kukata kitambaa. Yeye ndiye mkataji wangu, na huwa hainui kichwa kabla mkasi haujafika mwisho.

Jumanne, 18 Machi

Madam Tiketi ameitazama kadi yangu kwa muda.

"Una pointi ngapi humu?"

"Ndiyo kwanza naanza."

"Na watoto wa Dada yako wana pointi za Nyekundu?"

Nilikuwa sijauliza.

"Basi mtafika wote wawili uwanjani, Mjomba. Yeye ataingia ndani, wewe utampungia mkono."

Nilirudi na mvua ikanipiga njia nzima. Kadi haikulowa, nailoni ni nzuri.

Jumamosi, 22 Machi

Nimewapigia simu wapwa zangu wote. Wa pili anaendesha malori huko alipo, ndege hapandi. Kitinda mimba anapika hotelini, ana pointi za kutosha kununua labda mto wa shingo. Lakini kifungua mimba, yule muuguzi mkuu! Miaka yote anakwenda kwenye mikutano na mafunzo, na kila ndege aliyopanda ilikuwa ya kundi la Bluu. Ana kadi ya dhahabu. Peke yake ana theluthi mbili ya pointi tunazohitaji, na hajui azifanyie nini.

"Nitaziweka kwenye kapu, Mjomba," alisema. Huongea kama anayesoma cheti cha mgonjwa. "Kwa sharti moja. Mama aanzie kwangu. Mimi ndiye mkubwa."

"Kwani kuna njia nyingine?" nikasema. "Kwetu mkubwa ndiye huanziwa, kisha anafuata wa pili, kisha kitinda mimba. Hata chai hatumimini vinginevyo."

Kwa hiyo ni Bluu. Nimemwambia kinyozi kwamba Nyekundu ilikuwa mtego wangu wa kuwapima.

Jumapili, 30 Machi

Nimekwenda kwa Dada baada ya chakula. Anaketi dirishani, anageuza uso taratibu mpaka akupate, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Akishakupata anatabasamu. Akaniomba nimweleze miji tutakayopita. Nimemweleza: viwanja vyenye sakafu zinazotembea zenyewe, madirisha ya ndege ambayo ukitazama chini unaona mvua kwa juu, mgongo wake. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Umeyaona hayo yote kwa dakika hamsini?"

"Dada, mimi hutazama haraka."

Akasema simulizi zangu zinamfanya asisikie hofu. Nimeandika hilo ili lisipotee.

Ijumaa, 4 Aprili

Balaa. Nimechora njia kwa chaki kwenye meza ya kukatia, kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, nikampelekea Madam Tiketi picha. Akapiga simu huku anacheka.

Kumbe tiketi ya kuizunguka dunia ina sheria: ukianza kwenda upande mmoja, unaendelea upande huohuo mpaka urudi kwenu. Hakuna kugeuka. Sasa tazama. Wa pili yuko jirani upande wa jua linapozama. Kitinda mimba yuko upande wa jua linapochomoza. Kifungua mimba yuko ng'ambo ya bahari zote mbili, kule dunia inakopindia. Uende huku, uende kule, yeye ni wa katikati. Hawezi kuwa wa kwanza mpaka Mungu aiumbe dunia upya.

"Madam, kwetu mkubwa harukwi."

"Mjomba, na ndege hii hairudi nyuma."

"Huwezi kuwaomba?"

"Niwaombe wafanye nini? Waizungushe dunia kinyumenyume?"

Nilimwambia katika maisha yangu nimeshaona mambo magumu kuliko hilo yakifanyika. Akakata simu.

Jumamosi, 5 Aprili

Kifungua mimba amesema: "Basi pointi zangu zibaki kwangu." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo baya.

Dada ameambiwa. Aliuliza tu kama mvua imekatika.

Jumatatu, 7 Aprili

Haijakatika.

Jumanne, 8 Aprili

Leo niliamka nikajiambia, mdomo huu niliopewa si wa kulia ugali tu. Nikampigia mpwa wangu.

"Mwanangu, sikiliza. Mimi ni msafiri. Mtu akianza safari miguu imevimba, usingizi umemruka, hajui chakula kinaingia wapi. Mwisho wa safari amechoka, mwili uko kwa mwenyeji na roho iko kitandani kwake. Anayekufuata atapata mama aliyevimba miguu. Kitinda mimba atapata mama anayesinzia mezani. Wa katikati ndiye atakayempata mama mzima mzima. Wenye akili hugombania katikati."

Nikadhani simu imekatika.

"Mjomba, wewe ni mwongo."

"Hilo tunalijua. Lakini hapo nimekosea wapi?"

Nikamsikia anacheka, kicheko cha mama yake kabisa. Kabla sijamaliza chai, Madam Tiketi alinitumia ujumbe: pointi zimeingia kapuni.

Mtu aandike popote kwamba mimi ndiye niliyeyasema maneno hayo.

Jumanne, 15 Aprili

Kapu limejaa! Wadogo wawili wamenunua pointi zilizobaki Bluu ilipozipunguza bei. Ukoo wetu sasa una tiketi ya bure. Jina la msindikizaji lazima liandikwe kabla mwezi haujaisha, na Madam amenionya: likishaandikwa halibadilishwi, si kwa machozi wala kwa soda. Nimemwambia lango la jina hilo lilishafungwa siku nyingi. Kwenye kapu nimejiandikisha mimi kama mkuu wa msafara.

Nimemaliza kochi la kinyozi. Hakunisifu, ila alikaa akasahau kuinuka.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika haya kwa sababu nisipoyaandika nitayasimulia, na nikiyasimulia yatabadilika.

Kila mwezi mke wangu ndiye humpeleka Dada kliniki ya macho. Leo nikasema, hapana, leo nampeleka mimi, tujizoeze safari. Mke wangu akanipa mwavuli. Akasema: "Baba, ukifika kwenye kona ya duka la vioo, barabara imeliwa." Nikasema naijua barabara hii kabla ya lami yake.

Mvua ilikuwa nyepesi, ya kupepeta. Nilimshika Dada mkono wa kulia. Alivaa koti lake la kijivu la siku za ualimu. Tukatembea vizuri sana. Nikaanza kumweleza jinsi ndege inavyoinuka: kwanza inakimbia kama imefukuzwa, halafu inanyamaza, halafu ardhi inakuachia. Dada akainua kichwa, akafumba macho anione vizuri zaidi, ndivyo alivyosema, anacheka. Nami nikamwonyesha bawa linavyokunja ncha yake. Mkono mmoja ulikuwa wake, mwingine ulikuwa hewani unafanya bawa.

Pale kwenye kona mvua ilikuwa imeumega ukingo wa mtaro. Mimi nilipita kwenye lami iliyobaki. Yeye hakuwa na lami. Alizama mpaka paja, na mkono wa kushoto ukatangulia kujikinga. Nilisikia mfupa. Haukuwa mlio mkubwa. Ni kama unavyokata uzi kwa meno.

Vijana wa duka la vioo walitusaidia. Dada hakupiga yowe. Aliuliza, "Koti langu limechanika?" Nikamwambia halijachanika. Lilikuwa limechanika.

Kliniki wakatupeleka upande mwingine, wakamfunga plasta kwenye kifundo cha mkono. Mke wangu alikuja na kitambaa kikavu, akapiga magoti, akamfuta tope miguuni kidole kwa kidole. Dada alikuwa anamwambia kila muuguzi anayepita: "Shimo halikuwepo wiki iliyopita. Mvua imeula ukingo. Si kosa la mtu." Mke wangu alikunja kile kitambaa chenye tope. Hakunitazama hata. Afadhali angenitukana mpaka kesho.

Ijumaa, 18 Aprili

Kifungua mimba amepiga. Hakusalimia.

"Mjomba, mama yangu umemtumbukiza mtaroni hapohapo mtaani kwenu, mahali unapopajua. Huko duniani utamwacha wapi?"

"Ni mvua, mwanangu."

"Kila uwanja wa ndege una ngazi, Mjomba."

Nilikuwa na jibu. Siku zote nina jibu. Nikalishikilia mpaka akakata.

Jumapili, 20 Aprili

Kinyozi, mbele ya watu: "Rubani, nasikia ndege ilitua kwa dharura mtaroni!" Walicheka. Nami nilicheka, nikamwambia kutua popote na abiria akawa hai ni ufundi. Wakacheka zaidi. Nimerudi kwa njia ya nyuma ya maduka.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Karakana sikuifungua.

Jumamosi, 26 Aprili

Jora la kitambaa likiisha hubaki bomba la karatasi ngumu la katikati. Leo nilikata vipande viwili, nikavifunga machoni kwa mpira wa kushonea, nikaenda huku na huku karakanani kwangu mwenyewe, mahali nilipofanyia kazi nusu ya umri wangu.

Niliona msumari uliopigiliwa ukutani mbali kule, safi kabisa. Sikuona meza. Ilinipiga nyongani. Nikarudi nyuma nikakanyaga kopo la gundi. Nikakaa kwenye kiti ambacho hakikuwepo. Nikabaki sakafuni na mabomba yangu usoni, na kitu nilichokuwa nakiona ni duara la dari, na buibui.

Nikasikia mkasi unawekwa chini.

"Inuka," mke wangu akasema. Hakuuliza ninafanya nini. Akanishika juu ya kiwiko, si mkononi. "Mbele wazi. Hatua fupi. Meza kulia. Sasa kizingiti, inua mguu. Shuka. Pana maji, panua hatua. Simama. Gari. Haya, mbele wazi."

Tukatoka mpaka barabarani nikiwa na mabomba yangu, watu wanatazama, watoto wa jirani wanapiga mbinja. Sikugonga kitu. Kila neno lake lilifika kabla ya mguu wangu, na hakuna neno moja lililozidi. Nilikuwa nimezoea kudhani mwanamke huyu ananyamaza kwa kuwa hana la kusema. Tulifika kona ya duka la vioo. "Barabara imeliwa hapa," akasema, "pita kwangu." Nikapita kwake.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Wifi hunikosoa. Mwanzoni nilikuwa namvuta. Akaniambia usinivute, niambie."

"Na mbona hukuniambia mimi?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unaeleza habari za lami."

Akanivua mabomba. Alama za duara zilibaki kuzunguka macho yangu mpaka jioni, kama bundi.

Jumatano, 30 Aprili

Siku ya mwisho ya jina. Tulikwenda wote watatu ofisini kwa Madam Tiketi, Dada na plasta yake, mke wangu akimwongoza. Dada alipewa kiti changu kile imara.

"Msindikizaji ni Mjomba, kama ilivyo kapuni," Madam akasema, vidole tayari. "Niandike?"

"Andika mke wangu."

Mke wangu akageuka. "Nani?"

"Kwani nina wangapi?"

"Baba, usinitanie mbele za watu. Mimi hata lifti sijapanda."

"Ndege haina lifti. Ni afadhali."

"Hata pasi ya kusafiria sina!"

"Pasi inatafutwa," Madam akasema, hakutoa macho kwenye kompyuta. "Jina ndilo halisubiri. Mjomba, narudia: nikibonyeza, hakuna kurudi nyuma. Na pointi za tiketi nyingine hakuna."

Dada alikuwa anageuza uso taratibu, ukutani, dirishani, mpaka akanipata. "Mdogo wangu, umefikiri?"

"Sijafikiri. Nimepima."

"Mtaa mzima unajua unakwenda wewe. Watakutafuna kwa maneno mpaka uzeeke."

"Wana meno gani wale? Dada, mimi hewa ya juu nimeshaizoea. Wacha na wengine wabanwe masikio."

Mvua ilikuwa inagonga bati la duka la simu. Kisha akasema, polepole, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari: "Mimi ningekwenda na wewe. Ujue hivyo. Ningeanguka, lakini ningeanguka nikicheka."

Nikamwambia Madam abonyeze, asitumalizie umeme.

Mke wangu alilia njiani, huku akisema "kizingiti", "dimbwi", "kona", bila kukosa hata moja.

Jumanne, 6 Mei

Nimemwambia kinyozi kwamba kampuni ya ndege iliniandikia kuniomba nisafiri, nikakataa, kwa kuwa mtu mkubwa hujua lini abaki uwanjani kuangalia ndege zinaruka salama. Akanitazama kwenye kioo. Alikuwa na la kusema, nililiona. Akaniuliza kama nataka kunyolewa na ndevu.

Jumanne, 20 Mei

Mvua zinapungua. Pasi ya mke wangu imetoka. Kwenye picha amekaza uso kama anayedaiwa. Viza, kila mtoto amehangaikia ya kwake. Plasta ya Dada imetolewa. Nimewashonea mito miwili ya shingo, mshono wa mara mbili.

Jumapili, 1 Juni

Wameondoka. Nilitaka kuwaeleza habari za ndege inavyoinuka. Nikawabebea mabegi tu. Mke wangu alinishika kola akainyoosha, akasema chakula cha siku tatu kiko kwenye friji na cha siku ya nne niwe nimeshajifunza. Kisha akamshika Dada juu ya kiwiko. Nilisimama nikiwatazama mpaka mlango wa kioo ukajifunga.

Jumatatu, 9 Juni

Nimejifunza kupika mayai. Asiyeamini awaulize majirani.

Jumapili, 15 Juni

Jua la kwanza zima. Nimeanika vitambaa vyote nje.

Simu imelia saa nne asubuhi, nikaona namba ya kifungua mimba. Wamefika katikati ya dunia. Wa kwanza kuishika alikuwa mke wangu, na maneno yalimtoka kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia kwake: kwamba ndege ilikuwa na watu kuliko mtaa wetu, kwamba walikula mara saba bila kushuka, kwamba ilitikisika mpaka mhudumu akaja kumwomba yeye awatulize abiria.

"Mhudumu alikuomba wewe?"

"Kwa magoti, Baba."

Nyuma yake nilimsikia Dada akicheka. "Hakuna magoti! Alimletea maji! Nipe simu." Sauti yake ikaja karibu. "Mdogo wangu."

"Dada. Umeanguka popote?"

"Hata kidole sijagonga. Sikiliza. Nimemwona. Huyu mdogo kabisa wa mkubwa wangu. Kwa yule wa pili niliwaona wawili, na nilifurahi, lakini huyu sikuwa namjua hata kidogo, alizaliwa nikiwa nimeshaanza kuona vibaya. Nimekaa naye dirishani tangu asubuhi. Inabidi nimzungukie kipande kwa kipande, sura yake haiingii yote kwa mara moja. Ana sikio moja limejikunja kwa juu. Ana kidoti chini ya jicho la kushoto."

"Kidoti?"

"Cha mama yetu. Palepale. Kwenye simu hakikuonekana."

Huko kwao nilisikia mtoto anasema kitu, na Dada anamjibu, "Tulia, bado shavu." Kwangu nje kitambaa kimoja kilikuwa kimeanguka kutoka kambani, sikwenda kukiokota.

"Mbona umenyamaza?" Dada akauliza. "Wewe? Simu imekatika?"

"Haijakatika," nikamwambia. "Nasikiliza. Endelea na shavu."